Mkanda wa Sindano wa Mama Hana

Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1984. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, bajeti ya taifa ilikuwa imewaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa walikozipata. Hilo limo katika kumbukumbu na halina ubishi. Lakini bidhaa hutembea polepole kuliko habari. Asubuhi hiyo, lori la kukodi liliposimama mbele ya kanisa la Murangi ili kuichukua kwaya na kuipeleka Bunda, waimbaji walikuwa na kola ishirini na sita ambazo hazijashonwa, na sindano moja tu. Sindano hiyo ilikuwa kiunoni mwa Pelagia, ndani ya mkanda alioupanga kwa miezi kumi na mmoja.

Pelagia, ambaye watu walimwita Mama Hana, alikuwa na miaka arobaini na sita, mke wa mvuvi aitwaye Masatu. Kushona kwa mkono alifundishwa na masista akiwa msichana, na kwa mkono alikuwa na mshono ambao hata panya, kama wasemavyo Murangi, aliutafutia pa kuanzia akakata tamaa. Kuimba hakujaaliwa. Mwaka 1979 alijaribiwa katika sauti ya pili, na mwalimu wa kwaya, mtu mpole, alimsikiliza beti mbili, kisha akamwambia kwamba Mungu amekwisha kumpa vidole, asimdai na koo. Tangu hapo Pelagia alisafiri na kwaya kama fundi: kifungo kikikatika yupo, pindo likifumuka yupo.

Nafasi hiyo ndani ya lori aliilinda kama mtu anavyolinda shamba lenye mgogoro, na sababu yake haikuwa kwaya. Sababu ilikuwa bintiye. Hana aliolewa Bunda mwaka 1981, na mkulima wa pamba jina lake Burito. Kwa desturi za pale, mama haendi kwa mkwewe kwa kuwa tu amemkumbuka mwanawe. Huenda akiitwa, huenda kwenye uzazi, kwenye ugonjwa, kwenye msiba. Kwa bahati mbaya ya Pelagia, nyumba ya Burito ilikuwa na afya njema mno. Mtoto alizaliwa mmoja, akapokewa, akapona. Baada ya hapo hakuna aliyekohoa. Lakini Hana aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Bunda, na kila Agosti kwaya zilikutana kushindana, mwaka huu Musoma, mwaka ujao Bunda, mwaka wa tatu Butiama. Popote waliposhindana, mama na binti walikaa ukutani wakala karanga na kusimuliana kwa siku nzima. Hiyo ndiyo siku moja aliyokuwa nayo Pelagia katika mwaka.

Mwaka 1983 alikaribia kuipoteza.

Shindano lilikuwa Musoma, na kwaya ililala Kamunyonge kwa waumini wenzao. Asubuhi ya kurudi, wote wakiwa wamepanda lorini, Pelagia alishika ukosi wa gauni lake alikozoea kuichomeka sindano, akakuta kitambaa kitupu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba sindano imeanguka mle lorini. Sauti ilikuwa ndogo, lakini watu thelathini na zaidi walisimama kwa pamoja kana kwamba injili imesomwa. Hakuna aliyekaa tena. Walisimama kutoka Kamunyonge mpaka Murangi, wameshikana mabega, kila shimo la barabara likiwatupa huku na huku, wazee wa besi wakilalamika magoti. Aliyeketi alikuwa mmoja tu, katekista Alfonce, mwenyekiti wa kamati ya kwaya, kwa sababu alikaa mbele na dereva. Sindano ilionekana jioni ile, mkewe Alfonce alipolitundika koti la mumewe. Ilikuwa imechomekwa chini ya ukosi, pale Pelagia alipomshonea kifungo alfajiri. Safari nzima ilikuwa imeketi mbele.

Alfonce alikuwa mtu mwadilifu, na watu wa namna hiyo hawasahau kuchekwa. Kamati ilipokutana, alieleza kwamba mke wa mwalimu Mniko ana cherehani, na kwamba fundi wa cherehani hashindi akipoteza vitu. Wajumbe wakanong'ona. Mwishowe walikubaliana kumpa Pelagia mwaka mmoja: aonyeshe namna ya kusafiri na sindano bila kuipoteza, la sivyo kazi ihamie kwa mwenye cherehani. Ndipo Pelagia akaanza kupanga.

Alipanga kwa penseli, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji uliobaki wakati wa kujenga nyumba ya padri. Wifi yake Wankyo, dada yake Masatu, aliyeimba sauti ya pili na kutania kwa sauti zote, alimkuta amepiga magoti juu ya karatasi hiyo.

"Wifi, ramani ya nini hiyo? Mnajenga?"

"Mkanda."

"Mkanda wenye vyumba vitano?"

"Si vyumba. Hapa mkasi, hapa subana ya kidole, hapa chaki, hapa uzi, na hapa sindano."

Wankyo aliinama akachunguza. "Na mimi mgeni nitalala wapi? Maana naona jiko lipo."

"Wewe utalala nje, kwa kuwa unaongeaga sana."

Mpango wa kwanza ulikuwa wa shingoni. Kila kifaa kilipata kamba yake, na kamba zote zilifungwa kwenye utepe mmoja. Kwenye karatasi ulipendeza. Shingoni, mkasi uligonga kikopo cha chaki kwa kila hatua, na Pelagia alipopita kwa jirani yake, mtoto wa nyumba ile alitoka mbio akiwaita wenzake kwamba ng'ombe wameingia mahindi. Wankyo aliifurahia habari hiyo wiki mbili.

Mpango wa pili ulikuwa wa kichwani, ndani ya kilemba. Huo ulifanya kazi mpaka Jumapili, kwenye sala ya kutubu. Pelagia alipoinamisha kichwa, mkasi ulitangulia kutubu. Ulianguka mbele ya benchi ya wazee, ukachomeka sakafuni ukitikisika. Mpango wa tatu ulikuwa wa mkononi, kati ya kiwiko na kiganja. Aliuvaa siku tatu, ukanasa nywele za watoto wawili na mkia wa mbuzi mmoja, akauvua.

Masatu hakuingilia mambo hayo. Jioni moja tu, akiwa anatengeneza nyavu, alisema bila kuinua macho, "Mtu wa ziwani hafungi kitu shingoni wala kichwani. Anafungaga kiunoni. Kiuno ndicho kinafika nyumbani."

Pelagia alilitafakari neno hilo kwa siku kadhaa, akaona ni kweli. Mwanamke anaweza kusahau kilemba mahali, anaweza kusahau mtandio. Hakuna aliyewahi kusahau kiuno. Akatafuta gunia la pamba, akakata ukanda, akaukunja mara tatu na kuushona kwa mshono wa kurudia nyuma. Akatia mifuko minne yenye vifuniko. Mkasi, subana na kikopo cha chaki vilifungwa kamba za uzi wa nyavu, urefu wa mkono mmoja, ili vitumike bila kuachana na mkanda. Kwa sindano alikata tete la kando ya ziwa, akalikausha, akaliziba kwa kipande cha boya la wavu na kulitia kwenye mfuko wa nne.

Lakini fahari yake ilikuwa uzi. Alichonga kijiti cha kuzungushia uzi mwembamba wa nyavu, akakipitisha kwenye spoku ya baiskeli, akakifunga ubavuni mwa mkanda kikawa kinazunguka chenyewe. Uzi ulitoka pale ukaingia moja kwa moja kwenye tundu la sindano. Alipomaliza kushona alifunga fundo, akaichomoa sindano kwenye uzi na kuitia ndani ya tete, na hapo tu ndipo alipokata. Kwa hiyo sindano ilikuwa ama kwenye uzi, na uzi ulianzia kiunoni. Ama ndani ya tete, na tete lilikuwa kiunoni. Hapakuwa na njia ya tatu. Mkanda wote ulivaliwa juu ya gauni na kufunikwa na kanga, na uzi ulipita katikati ya ncha za kanga kama mkia wa panya.

Kwa uvumbuzi huo aliomba ushauri wa kila mtu: kina cha mfuko aliulizia kwa wachunga ng'ombe wenye mikoba, mafundo kwa wavuvi, kuziba tete kwa mzee mmoja mvutaji ugoro. Kuna swali moja hakumuuliza mtu yeyote, kwa kuwa halikumjia.

Mwezi Julai aliufikisha mkanda mbele ya kamati. Hakuweza kuuonyesha akiwa ameuvaa, basi aliulaza mezani. Alfonce aliizunguka meza nzima.

"Sindano ikitoka?"

"Haitoki, Katekista."

"Hata kidogo?"

"Haitoki mkandani mpaka turudi Murangi."

Alfonce akachukua kalamu. Daftari la kamati lina mstari huo kwa mwandiko wake ulionyooka: fundi ameahidi kwamba sindano haitatoka mkandani tangu kuondoka hadi kurudi, ikitoka, kazi ya kushona itahamia kwa mke wa Mwalimu Mniko. Pelagia alitia sahihi chini yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Siku nne kabla ya safari ikafika marikani ya sare kutoka duka la ushirika, iliyoombwa tangu Pasaka. Mke wa Mwalimu Mniko alishona blauzi usiku na mchana, na zikiwa zimebaki kola tupu, cherehani ikavunja sindano yake ya mwisho. Musoma nzima haikuwa na nyingine. Kola ishirini na sita zikaangukia mkanda wa Pelagia.

Basi Jumamosi ile alishona ndani ya lori, lori likienda. Kwa kuwa akina mama walikuwa wamekwisha kuvaa sare na hawakuweza kuzivua mbele ya besi, kola zilishonwa zikiwa shingoni. Mwimbaji alikuja, akapiga magoti na kufumba macho. Pelagia alisimama nyuma yake, mgongo ameuegemeza kwenye ubao wa lori, na uzi ukatoka kiunoni mwake ukaingia kwenye ukosi wa mwenziwe. Mpaka uzi ukatwe, wawili hao walikuwa kitu kimoja. Wankyo alipofikiwa na zamu yake, lori liliruka shimo.

"Wifi, umenichoma."

"Nimekugusa tu."

"Umenichoma, na siwezi kukukimbia. Kaka yangu alikuoa kwa hiari. Mimi nimefungwa kwa kamba."

Walipofika barabara kuu ya Mwanza, kola kumi na tisa zilikuwa tayari. Walipouona mji wa Bunda, Pelagia alifunga fundo la ishirini na sita, akairudisha sindano kwenye tete, na kuliziba. Kwaya ikampigia vigelegele. Alfonce, kutoka mbele, aligeuka akatazama kwa kioo cha nyuma; alitikisa kichwa kidogo kukubali, na kwa Alfonce hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mapokezi ya Bunda mwaka huo yalikabidhiwa Burito, mkwe wa Pelagia. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, aliyechaguliwa kwa sababu aliweza kusoma kwa sauti bila kukohoa. Kazi yake ilikuwa kupokea kwaya, kisha kusimama mbele ya altare na kusoma mpangilio wa nyimbo. Bila hiyo, shindano halikuanza. Kwa heshima ya siku alikuwa amevaa suruali ya mtumba, ile ya kafa Ulaya, kijivu, yenye mikunjo iliyonyooka, ambayo mwenyewe wa kwanza, huko alikofia, bila shaka alikuwa mtu mwembamba. Burito aliinama kufungua mlango wa nyuma wa lori. Waliokuwa karibu walisikia sauti kama ya gunia la mtama linalochanwa.

Alinyooka haraka. Na aliponyooka, aliyekuwa mbele yake, ameinua mguu kushuka, alikuwa mama mkwe wake.

Hapo ni lazima kueleza. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, wala hawakai mahali pa kubanana. Mkwe akikutana naye njiani hukaa pembeni, hugeuza uso na kusalimu ardhi. Burito hakuweza kumpa mama mkwe uso, maana ni kukosa adabu. Hakuweza kumpa mgongo, maana mgongo ulikuwa na habari zake. Akatembea kwa ubavu, kama kaa, mpaka ukuta wa kanisa, akauegemea na kubaki pale akitazama mbali, kama mtu anayesubiri mvua.

"Mkwe wetu hajambo?" Wankyo aliuliza kwa upole wa kupita kiasi. "Mbona amependa ukuta?"

Hana alitoka mbio kutoka kwenye kundi la kwaya yake, akaongea na mumewe kwa sekunde chache, akarudi kwa mamake akiwa amefunika mdomo.

"Mama, imepasuka yote. Kutoka mshipi mpaka huku."

"Nguo nyingine?"

"Iko nyumbani, na nyumbani ni mbali. Padri amekwisha kuvaa. Mama, naomba sindano."

Pelagia akashika kiuno. Kabla hajasema, Alfonce alikuwa amesimama karibu naye, mikono nyuma.

"Mama Hana," alisema taratibu, "unakumbuka tulichoandika."

Alikumbuka. Na wakati huohuo alikumbuka swali ambalo hakumuuliza mtu kwa miezi kumi na mmoja. Kitu kikitakiwa kupita kati ya mkwe na mama mkwe, huwekwa chini. Mmoja husogea, mwingine huja kukiokota. Jembe huwekwa chini, kikapu huwekwa chini, hata mtoto huwekwa chini. Lakini kilichofungwa kiunoni mwa mama mkwe hakiwekwi chini mkwe akakigusa, wala hakitajwi mbele yake. Kama mkanda ungekuwa wa shingoni, wenye kengele zake na aibu zake, ungelazwa juu ya jiwe na mambo yangekwisha. Alikuwa amepanga mahali pa mkasi, pa subana, pa chaki na pa uzi. Hakupanga mahali pa Burito.

Macho yake yakatulia kwenye dirisha dogo la sakristia, hatua mbili kutoka pale Burito alipouegemea ukuta.

"Katekista," alisema, "sindano ikiwa kwenye uzi, na uzi ukiwa kwenye mkanda, imetoka?"

Alfonce alifikiri kama anayepewa swali la katekisimu. "Haijatoka."

Basi ikapangwa hivi. Pelagia aliingia sakristia, akaketi chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, asione wala kuonekana. Uzi ulitoka kiunoni mwake, ukapanda, ukapita dirishani, ukashuka upande wa nje hadi mkononi mwa Hana. Hana alimgeuza mumewe uso kwa ukuta, akina mama wa kwaya mbili wakawazungushia kanga, na kazi ikaanza. Alfonce alisimama mlangoni mwa sakristia akiuangalia uzi ukivutwa, kijiti kikizunguka kwenye spoku yake. Mpango ulikuwa unafanya kazi, na Pelagia alijiona kuwa na akili kuliko siku zote za maisha yake. Furaha hiyo ilidumu kwa mishono kumi hivi.

"Hana," sauti ya Burito ilisikika nje, "uzi huu mrefu hivi unatoka wapi?"

"Dirishani. Simama wima."

"Dirishani kuna nini?"

"Kuna mama."

"Kwa mama, uzi umefungwa wapi?"

Aliyejibu ni Wankyo, kutoka nyuma ya kanga, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada.

"Kiunoni, baba. Usiogope, ni familia."

Kicheko kilizunguka kanga zote, kikakatika ghafla, kwa sababu Burito hakucheka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili ukutani na kukaza mwili kama mtu aliyekanyaga nyoka na hajui kama aondoe mguu au auache. Suruali yake, ikiwa mwilini mwake, ilikuwa imeshonwa nusu kwenye kiuno cha mama mkwe wake. Akivuta, anavuta kiuno hicho. Akikaa, wamefungwa.

"Hana, kata," alisema.

"Mkasi umefungwa kwa mama."

"Kata kwa meno."

"Ni uzi wa nyavu, Burito. Huu hata sangara hakati."

Ndani ya kanisa kinanda kilianza kupigwa, kikaanza tena, kikasubiri. Burito akasema tena, sasa polepole, si kwa hasira, "Mwambie mama anisamehe. Nitasimama hapahapa mpaka watu wote waende nyumbani."

Pelagia alimsikia. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake na maneno yalimdondokea moja moja. Alijua kijana huyo angesimama kweli. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo sababu alikubali kumpa binti. Alijua pia kitakachosemwa. Bunda wangekisema msimu wa pamba, Murangi wangekisema msimu wa dagaa, na kitakapochoka kumcheka Burito kingemgeukia Hana, mwanamke ambaye mumewe alifungwa kamba na mamake. Akamtazama Alfonce mlangoni. Alfonce alikuwa anautazama uzi.

Alishika mkasi kwa kamba yake, akauvuta, akakata karibu kabisa na mkanda. Ncha ya uzi ilipanda ukuta, ikatambaa juu ya kizingiti cha dirisha, ikatoweka nje.

"Imetoka," Alfonce akasema.

"Imetoka," Pelagia akasema. "Andika."

Nje, Hana alimalizia mishono iliyobaki haraka. Burito aliingia kanisani kwa mlango wa pembeni, akasoma mpangilio wa nyimbo bila kukohoa, na hakuna aliyeona zaidi ya kwamba alisimama ameunganisha magoti. Murangi wakapata nafasi ya nne. Kwaya zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa imepata pancha njiani na kufika mkono ukiinuliwa kwa baraka ya mwisho. Lakini majaji walizisifu kola.

Jioni, lori likiwaka, Pelagia alimwita bintiye chini ya ubao wa lori.

"Hana, sindano."

Hana alishika kola yake, akashika kanga, akatazama chini. "Nimeiweka mahali, Mama."

"Mahali gani?"

"Mahali pazuri. Sipakumbuki."

"Katekista amekaa na daftari mbele pale."

"Basi nikiiona, sitampa mtu ailete. Sindano si kitu cha kutuma na watu. Uifuate mwenyewe."

Dereva akapiga honi. Watu wa lorini, walipoambiwa sindano imebaki Bunda, walikaa wote kwa raha.

Kamati ilikutana Jumapili iliyofuata. Pelagia hakujitetea, alisema aliahidi, akatoa mwenyewe, na kwamba angetoa tena. Kazi ikahamia kwa mke wa Mwalimu Mniko, ambaye cherehani yake ilipata sindano mwezi Oktoba. Mwaka uliofuata kwaya ilikwenda Butiama, na Pelagia alibaki Murangi akisikiliza lori likiondoka. Hilo alililia kidogo, jikoni, akiusingizia moshi.

Lakini Septemba ile ya 1984, wiki tatu baada ya shindano, alikuwa amefunga kikapu cha samaki wakavu na kumwambia Masatu kwamba anakwenda Bunda kufuata sindano. Masatu alifikiri akaona hakuna la kupinga. Wazee wa upande wa Burito walifikiri wakaona hivyohivyo: mwenye mali ameifuata mali yake. Kwa kuwa mama mkwe halali nyumba moja na mkwe, Burito alimtengenezea kibanda upande wa shamba. Pelagia alikaa siku tatu. Sindano haikuonekana. Alirudi Bunda baada ya pamba kuuzwa, haikuonekana. Alirudi wakati wa palizi, na safari hiyo Burito akakiongezea kibanda dirisha.

Mkanda aliufumua, akaushona upya kuwa wa kupita begani, unaovuliwa kwa mkono mmoja na kulazwa popote. Kwa mkanda huo alitembea minada ya Butiama na machimbo ya Buhemba, akishonea viraka wachimba dhahabu wakiwa wamesimama foleni, wengine wakiwa na harufu ya baruti. Mtu aliyekuwa mkwe wa ukoo aliwekewa mkanda juu ya jiwe, akajishonea mwenyewe vibaya, na Pelagia akimsahihisha kwa mdomo kutoka mbali.

Mwaka 1987 sindano zilijaa sokoni Musoma, zimechomekwa kumi kumi kwenye karatasi ya rangi ya dhahabu. Masatu alimnunulia karatasi mbili, akaziweka mezani. Pelagia alimshukuru kwa dhati, akazitia kwenye mfuko wa begani, na mwezi uliofuata akafunga kikapu.

"Unakwendaga Bunda kufuata nini sasa?" Wankyo alimuuliza njiani. "Sindano unazo ishirini."

"Kufuata yangu."

"Ile ilikuwa na nini, wifi, almasi?"

"Ilikuwa ya masista," alisema Pelagia.

Aliendelea kuifuata mpaka alipofariki mwaka 1996. Hana, alipoulizwa baadaye, alitoa majibu mawili katika siku mbili: siku ya kwanza kwamba sindano ilianguka kwenye nyasi za kanisa dakika ileile mumewe alipoingia ndani, siku ya pili kwamba aliifunga kwenye kona ya kitambaa na kitambaa kikapotea wakati wa kuhama. Burito alisema hajui, na kwamba haikuwa heshima kwake kujua. Haijulikani sindano ilipotea siku gani, wala kama ilipotea.